Natafuta wachezaji wanne wa D&D kwa Kiswahili: mtandaoni, bure, hata kama hujawahi kurusha dadu

BintiTongoni (Tanga)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Natafuta watu wanne, wakizidi watano, wa kucheza nami Dungeons & Dragons kwa Kiswahili, kwa sauti, mara moja kwa wiki. Hakuna anayelipa. DM ni mimi, yaani msimulizi: bahari ikichafuka nitawaambia, mlango ukigongwa nitawaambia nani kasimama nje na ameshika nini. Ninyi kila mtu ana mhusika wake mmoja na anamwamulia afanye nini. Likija jambo linaloweza kushindikana, tunaiuliza dadu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: usifikirie gemu la simu. Ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ukiuvua mapambo yote unabaki watu wanaozungumza. Mfano, unasema, "Naruka kutoka chomboni nidake ngazi ya gati." Haya. Mimi nasema ugumu wake ni 15. Mhusika wako ana wepesi wa +3. Unarusha dadu ya pande 20. Ikija 12 au zaidi umedaka, ikija chini ya hapo uko majini na nitakuuliza unajua kuogelea au la. Ukishaelewa hapo, kwa wiki ya kwanza inatosha. Mengine nitakuambia tukiyafikia.

Sasa hadithi. Ngome zenye theluji siziwezi. Theluji mimi naijua ya kwenye friza la samaki, nikiisimulia mtajua nadanganya. Kwa hiyo tuko Kilwa, mwaka 1331, mwaka aliopita Ibn Battuta. Sultani ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa jinsi alivyokuwa hawezi kumnyima mtu. Kasri lake, Husuni Kubwa, lipo juu ya mwamba na bwawa lake la pembe nane, mafundi bado wanapandisha kuta. Sokoni mnalipana kwa sarafu za shaba zenye jina la sultani. Dhahabu huja kutoka Sofala, na mwaka huu haijaja. Kimerudi chombo kimoja tu, hakina mtu, na ndani yake kuna mikeka imekunjwa vizuri kabisa kama watu waliondoka kwa kuaga.

Ninyi mnapewa mtepe, umeshonwa kwa kamba za usumba wa nazi, tanga lake la mkeka, mnaambiwa mshuke kusini mkatazame. Mnashuka na kaskazi, mnarudi na kusi. Mkizubaa huko mkapitisha majira, chombo hakirudi mpaka upepo ugeuke tena, na hilo sitawaonea huruma. Upepo ndio saa ya kampeni hii, yaani ya hadithi yetu nzima.

Mapango yaliyomo nimeyachukua hapa kwetu, Amboni. Aliyeingia anajua: chokaa, popo, sehemu unapita kwa ubavu, na sehemu watu wanapoacha vitu kwa ajili ya mizimu. Wazee wanasema kuna tundu linatokea Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Kwenye hadithi yangu linatokea kweli, ila si huko.

Jambo moja niliseme mapema. Kwenye kitabu cha sheria kuna fani (kazi za wahusika) za kasisi na shujaa wa dini, wanaopewa nguvu na miungu yao. Hizo nimezitoa. Watu wa Kilwa ya 1331 walikuwa Waislamu, misikiti ipo, adhana itasikika, lakini sala ya mtu haitageuzwa kuwa silaha ya kurushia dadu kwenye meza yangu. Anayetaka kuponya wenzake awe malenga au mganga wa miti, fani hizo mbili zina tiba na hazimkwazi mtu. Majini wapo, vibwengo wapo, mazimwi ndiyo usiseme.

Bando: tutatumia programu ya Discord, sauti tupu. Chaneli ya sauti kwa kawaida iko kilobiti 64 kwa sekunde, kwa hiyo mtu akiongea saa nzima bila kumeza mate ni kama MB 29. Na kwa kuwa tunapokezana, kikao cha saa tatu weka MB mia mbili na hutazimaliza. Dadu za kushika mkononi si lazima. Kuna roboti inaitwa Avrae humohumo Discord, unaandika !r 1d20+3 inarusha mbele ya wote, hatutaki mtu aliyepata 20 akiwa peke yake chumbani. Karatasi za wahusika nitatuma PDF. Mimi nina steshenari, kwa hiyo aliye Tanga mjini apite nimchapie.

Swali langu kwenu wazoefu ni hili. Kundi nililokuwa nalo lilikufa kimyakimya. Hakuna aliyegombana na mtu, hakuna aliyeaga, kila wiki anapungua mmoja, mwisho nikabaki na mtu mmoja na zimwi lake. Wachezaji wa mtandaoni wamekuwa kama mji wetu unavyotaniwa, waja leo waondoka leo. Mnawapataje watu wanaobaki? Na siku gani, saa ngapi, inawashika watu wa huku na walio nje?

---

MwanaKuze (Mombasa)

Dadangu, nimesoma yote hadi mwisho, na mimi si mtu wa kusoma maandishi marefu. Niko.

Nimecheza na vijana wa ng'ambo kwa Kiingereza, nilikuwa mbilikimo mwenye shoka. Mchezo mtamu, lakini kila nikitaka kumtukana adui ilinibidi nifikiri kwanza. Hasira yapoa njiani. Nataka mahali ambapo mtu akinikosea nitamjibu papo hapo, tena kwa beti.

Hiyo ya kutoa kasisi umenena. Huku kwetu mtu akimsikia kijana asema "namwomba mungu wa radi" atatolewa nyumbani kabla hajafika leveli ya pili.

Mimi nataka malenga. Mrefu kupita milango yote, hodari wa upinde, ana ugomvi na jamaa yake aliye kwenye kiti cha enzi. Jina nitabadilisha, lakini sote twajua ni nani. Yakubalika, ama utaniambia huyo ni wa Pate na Ozi, si wa Kilwa?

---

BintiTongoni

Yakubalika, kaka. Mtu anaweza kufukuzwa kwao akateremka hadi Kilwa. Ila ukimleta huyo Liyongo wako, umeleta na sindano ya shaba na kitovu, na umeleta na mwana. Nitavitumia vyote vitatu, sikuambii lini.

---

MezaYaNne (Nairobi)

Habari BintiTongoni. Nimeendesha meza mtandaoni miaka kadhaa sasa, nyingi kwa Kiingereza na moja kwa Kiswahili, na ile ya Kiswahili ndiyo iliyodumu. Acha niseme ninachofikiri.

Kupata watu hakutakusumbua. Kwa tangazo kama hili, kabla ya kesho jioni utakuwa na majina kumi na tano hapa chini, wote wameandika "niko" na hakuna hata mmoja aliyekuambia kitu kumhusu. Huyo ndiye anayepotea. Hajakosa adabu, ni kwamba hajatoa chochote, na mtu ambaye hajatoa chochote haoni anachoacha. Kwa hiyo kabla hujampa mtu nafasi mwombe kazi ndogo. Mimi huuliza swali moja tu linalotokana na hadithi. Kwako ningeuliza: mhusika wako amepanda mtepe akiwa amebeba kitu ambacho hataki wenzake wakione, ni kitu gani? Mistari miwili mitatu. Asiyeweza kuandika mistari mitatu akiwa na hamu, siku ya mvua na umeme umekatika hatakuja.

Usiende kutafuta kwenye r/lfg kule Reddit. Pamejaa, ni Kiingereza kitupu, na mengi ya matangazo yamepangwa kwa saa za Marekani. Tena usitafute wachezaji wa D&D hasa. Wanaoujua mchezo wana tabia za meza walizotoka, watakuambia fani fulani ni dhaifu na kitabu kinasema hivi ukurasa fulani. Tafuta watu wanaosimulia. Mtu wa kikundi cha maigizo, mwanafunzi anayeandika mashairi, yule rafiki ambaye akieleza ajali ya bodaboda mnaacha kula. Sheria atazishika ndani ya mwezi. Kusimulia humfundishi.

Halafu usianze na kampeni. Anza na kikao cha majaribio, saa mbili, wahusika umewaandaa wewe, hadithi fupi yenye mwanzo na mwisho wake. Chombo kimekwama kwenye fungu la mchanga, maji yanapwa, kuna kitu chini. Imeisha. Baada ya hapo unamwalika faraghani unayemtaka, na usiyemtaka hujamfukuza, alikuja kwenye mchezo wa siku moja na siku moja ikaisha. Hili limeniokoa na magomvi mengi. Kuna mtu mzuri sana kwenye maandishi ambaye ukimpa maiki hakuna mwingine anayeongea mpaka alfajiri.

Kampeni ikianza, kikao cha kwanza kabisa msicheze. Kaeni muulizane kinachokubalika na kisichokubalika. Ukisema 1331 na pwani, umesema pia utumwa, na mtu ana haki ya kujua kabla kama mtaukuta njiani na mtauonyesha kwa kiasi gani. Tumieni kadi ya X ya John Stavropoulos, ni rahisi: yeyote akiandika X kwenye gumzo, tukio linarukwa, hakuna anayeuliza kwa nini. Kwenye meza zangu hutumika mara chache mno, ila kujua kwamba ipo kunawafanya watu wacheze bila breki.

Chukua watano, weka akidi ya watatu, na watatu wakiwepo mnacheza. Usiahirishe kwa ajili ya mtu mmoja. Ukiahirisha mara mbili mfululizo kundi limeshakufa, mnasubiri tu mazishi.

Nisipokubaliana nawe ni hapo kwenye ramani. Sauti tupu ni sawa mkiwa mnazungumza na liwali, lakini vitani, watu watano, vibwengo sita, nani yuko karibu na mlingoti? Mtagombana. Tovuti ya ramani ya Roll20 ni nzito kwa kompyuta za zamani, hapo nakuelewa, lakini Owlbear Rodeo ni nyepesi na mchezaji hahitaji hata kujisajili. Au chora kwa kalamu, piga picha, tuma.

---

BintiTongoni

MezaYaNne, asante, hii ni darasa. La kitu kilichofichwa nalichukua lilivyo. Kikao cha majaribio nakichukua pia, na hilo fungu lako nimeshaliiba.

La kuwakimbia wanaojua sheria sikubali lote. Nataka mmoja anayezijua vizuri, ili nikikwama kwenye jambo la kitabuni aniokoe bila kusimamisha mchezo. Mmoja. Wakiwa wawili wanaanza kesi.

Utumwa utakuwepo kama ulivyokuwepo. Hatutaucheza kama burudani na hakuna mhusika wa mchezaji atakayeufanyia biashara. Hilo limeshafungwa, halihitaji kikao.

Ramani sawa, nitachora. Msinicheke mchoro.

---

BabuWaPemba (Maskati)

Assalaam alaykum. Sisi nyumbani Kiswahili ndiyo lugha ya chakula na ya ugomvi, Kiarabu cha shule na kazini. Watoto wangu wanaelewa lakini wanajibu kwa Kiarabu, ndiyo maana nataka wanisikie nacheza, labda wataona gere.

Mimi nimo inshallah, lakini tazameni saa. Mkisema saa 3 usiku ya kwenu, kwangu ni saa 4. Mkimaliza saa 6 mimi ni saa 7 usiku. Jumamosi usiku siwezi kabisa, kwa sababu huku Jumapili ni siku ya kazi, wikiendi yetu ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa usiku ningeweza hata mpaka alfajiri.

---

Salha_T (Toronto)

Ijumaa usiku yenu mimi niko ofisini. Saa 3 usiku ya Tanga kwangu ni saa 8 mchana, na ikifika Novemba tukirudisha saa nyuma inakuwa saa 7. Bosi hajui kibwengo ni nini na sitaki nimweleze.

Mimi nimezaliwa Dar, nimeondoka mkubwa, Kiswahili kipo. Nimecheza toleo la tano la D&D tangu liko jipya, 2014, kwa hiyo huyo mmoja anayejua sheria naweza kuwa mimi, na naahidi kunyamaza nisipoulizwa.

Jumamosi mchana yenu je? Jumamosi saa 10 jioni ya Tanga kwangu ni saa 3 asubuhi, majira ya baridi saa 2. Naweza kucheza na chai.

---

BabuWaPemba

Saa 10 ya Tanga kwangu saa 11 jioni. Jumamosi hiyo mimi sawa. Tusimame tu kwa swala ya Magharibi.

---

DodomaDM (Dodoma)

Jumamosi saa 10 jioni? Mechi za Uingereza zile za saa 9 alasiri kwao huanza huku saa 11, na baridi saa 12. Mnatuchagulia kati ya zimwi na ligi kuu. Nasema tu. Huyo DM asije akashangaa Mei.

Na mimi nina la kuongeza kuhusu wanaobaki. Waliomo nyumbani mwako wajue unachofanya. Mke wangu alinikuta usiku nimevaa hedifoni nasema kwa sauti nzito, "Namfungulia jini wa chupa, niko tayari kwa sharti lake." Hakuniuliza kitu. Alimpigia mama yake. Kesho yake asubuhi nimeamka nakuta kikao cha familia, na mjomba amesafiri kutoka Kondoa. Ikabidi nimwonyeshe mjomba karatasi, dadu, na hesabu zake. Mjomba akataka kujua kama mhusika wangu ana mifugo.

Sasa nacheza sebuleni, spika wazi. Anayepita anasikia. Amani imerudi, na mke wangu huniambia nimekosea kumwamini yule mfanyabiashara wa karafuu.

---

ZiwaKaskazini (Bujumbura)

Habari zenu ndugu. Mimi sijawahi kucheza. Nimeona tu watu wakicheza YouTube. Nina maswali mawili.

Kwanza, Kiswahili chetu huku si cha pwani. Tunachanganya. Mtu akisema beti, akisema fungu, akisema usumba, mimi nitachelewa. Nitakuwa mzigo?

Pili, sheria ziko kwa Kiingereza na mimi nasoma Kifaransa. Kuna zilizotafsiriwa kwa Kiswahili? Ni halali kuzitafsiri, au ni kama kunakili kitabu cha mtu?

---

Salha_T

La pili nalijibu mimi. Halali kabisa. Januari 2023 Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo, iliziweka sheria za msingi za toleo la tano, waraka unaoitwa SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Unaruhusiwa kunakili, kutafsiri, kubadilisha, hata kuuza ulichotengeneza, mradi utaje zilikotoka kwa maneno waliyoyaweka mwanzoni mwa waraka. Walifanya hivyo baada ya mwezi wa ghasia, walitaka kubadilisha leseni ya zamani na wachezaji wakachachamaa.

Angalia tu kwamba si kila kilichomo vitabuni kimo humo. Kila fani imewekewa tawi moja, siyo yote. Kwa mchezo huu yanatosha. Upo pia kwa Kifaransa, kampuni yenyewe ilitoa, kwa hiyo ukikwama kwetu una pa kukimbilia.

---

BintiTongoni

ZiwaKaskazini, karibu sana, na hilo la mzigo lifute. Mtepe unaotoka Kilwa ulikuwa na watu wa kila upande, na mhusika wako akiwa mtu wa bara aliyefuata dhahabu hadi baharini, basi kutoyajua maneno ya mabaharia ndiyo sahihi yake. Ukikwama uliza hapohapo ukiwa mhusika: "Hicho mnachokiita fungu ni nini?" MwanaKuze atakueleza kwa beti, ndipo utakapotamani usingeuliza. Sheria nimeshaanza kuzitafsiri, kurasa chache tu: kurusha dadu, kupigana, kufa na kutokufa. Nitaweka kila mtu asome, na chanzo nitataja.

Haya, saa. Nimekaa na kalamu. Jumamosi, kuanzia saa 10 na nusu jioni saa za Tanga, tukishaswali Alasiri. Maskati saa 11 na nusu. Bujumbura saa 9 na nusu alasiri. Toronto saa 3 na nusu asubuhi, na Novemba ikifika saa 2 na nusu. Tunasimama Magharibi, na kwa kuwa Magharibi ya Maskati na ya Tanga haziji pamoja, BabuWaPemba atatoka kwa wakati wake na mhusika wake atakuwa amelala ngama. Tunamaliza saa 1 na nusu usiku. DodomaDM, wa mpira hatuna la kuwafanyia, lakini soma mbele kabla hujakata tamaa.

Nimebadilisha umbo la kampeni kwa sababu ya majibu yenu. Mwanzo nilikuwa na safari moja ndefu ambayo kila kikao kinaanzia pale kilipokatikia, hata kama ni katikati ya vita. Hiyo ndiyo inayoua makundi, maana mtu akikosa mara moja mhusika wake anabaki ananing'inia kwenye kamba na wenzake hawajui wamfanye nini. Sasa kila kikao kitaanzia bandarini na kuishia bandarini. Kuna DM mmoja, Ben Robbins, aliyewahi kuendesha kampeni kwa mtindo unaofanana na huu, wachezaji wengi, hakuna kundi la kudumu, wanaotoka siku hiyo ndio walioweza kuja na lazima warudi mjini kabla ya kulala. Wao walitembea nyikani. Sisi tuna chombo, na chombo kinatia nanga. Kisimani Mafia, Songo Mnara, kisha tunashuka. Usipokuja, mhusika wako ameshuka pwani ana shughuli zake, anauza, anaposa, anaumwa, utajua wewe. Ukirudi wiki inayofuata anapanda. Hakuna kuombana radhi, hakuna kumsubiri mtu.

Kwa hiyo pia nachukua watano na akidi ni watatu. Wawili wakija tutapiga soga bandarini, bei za sokoni na umbea wa kasri, hapo nitawapa habari ambazo wengine hawatazipata. Wanaokuja wafaidi.

Jaribio ni Jumamosi ijayo, chombo kwenye fungu, wahusika nimewaandaa. Anayetaka, anitumie ujumbe faraghani: jina la kutumia, uko saa za wapi, umri (nachukua 18 na kuendelea), na ile mistari mitatu ya kitu ulichokificha.

---

MwanaKuze

Siandiki faraghani, sina siri na watu hawa. Nimeficha barua. Imefungwa kwa nta, na muhuri si wa sultani wa Kilwa. Sijui kusoma, kwa hiyo hata mimi sijui yasema nini, ila niliambiwa nikiifikisha Sofala nitaruhusiwa kurudi kwetu.

---

ZiwaKaskazini

Mimi nimeficha mbegu. Kwetu wamesema nikipanda mbali na nyumbani kitaota kitu ambacho si mti. Hii inafaa?

---

BintiTongoni

Inafaa. Usiilowanishe.

MwanaKuze, malenga asiyejua kusoma ila ana barua, na wewe mwenyewe umeitangaza mbele ya kila mtu. Wahusika wenzako hawajui, wachezaji wanajua. Salha, hilo kitabu kinasemaje?

---

Salha_T

Kitabu hakisemi kitu, hilo ni la meza. Mimi naona tuwaache wajue, itakuwa tamu zaidi tukijifanya hatujui. Nimekutumia ujumbe wangu. Changu sikisemi hapa.

---

BintiTongoni

Nimeupata. Aisee.

Waliopata nafasi mpaka sasa: MwanaKuze, Salha_T, BabuWaPemba, ZiwaKaskazini, wote kwa sharti la jaribio. Babu, bado sijaona mistari yako mitatu. Imebaki nafasi moja. Ujumbe napokea mpaka Alhamisi usiku, Ijumaa naweka hapa kiungo cha Discord na wahusika wa kuchagua. MezaYaNne, kama una Jumamosi moja, njoo usikilize tu, maiki umezima, uniambie nikiongea sana.